Imeili zaingia lakini hazitoki tangu tuhamie ofisi

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Tuko na ofisi ndogo ya kliaringi, mwezi uliopita tumehama Moi Avenue tumekuja Shimanzi. Hapa intaneti ni faiba ya kampuni nyingine, si ile tuliyokuwa nayo. Tangu siku ya kwanza imeili zaingia vizuri kwa Outlook lakini kutuma hazitoki, zinakaa tu kwa autiboksi halafu inasema haiwezi kufika kwa seva. Nikiunganisha laptopu na hotspoti ya simu yangu inasema "relaying denied", lakini simu yenyewe nikituma zatoka. Fundi wa faiba amekuja mara mbili akapima spidi akasema iko sawa akaenda zake. Kijana wa kompyuta anataka kuformati. Mashine ya kuskani nayo imeacha kutuma. Wateja wa Kampala wanalia hawajapata BL zao (hati za mzigo wa meli) na mimi nahesabu siku za demareji, ile faini ya kuchelewesha kontena. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Kwanza usikubali mtu aformati hiyo kompyuta, na huyo kijana wa faiba pia usimlaumu sana, yeye ametumwa apime spidi na spidi iko. Jibu umeshaliandika mwenyewe hapo kwenye swali, pale uliposema laptopu kwa hotspoti yakataa lakini simu ile ile kwa bando lile lile yatuma. Bando moja, akaunti moja, sasa kimetofautiana nini? Setingi. Simu imeandikiwa njia yake ya kutoka na laptopu imeandikiwa njia nyingine, na hiyo ya laptopu ndo imekufa siku mliyohama.

Wewe ni mtu wa bandari so hii utaielewa haraka, mzigo wa kuingia na mzigo wa kutoka haupitii meza moja. Imeili pia hivyo hivyo. Kupokea, Outlook inaenda kwa seva mnakohifadhiwa imeili zenu, inatoa jina na neno la siri, inachukua, basi, na hapo hakuna kampuni ya intaneti inayokusumbua. Kutuma ni kazi nyingine kabisa, inatumia seva yake, poti yake na masharti yake, na watu wengi hawajui kwamba kwenye Outlook zimeandikwa mbali mbali. (Poti hapa si ya Kilindini, ni namba tu ya mlango ambao programu inabisha, seva moja iko na milango maelfu.) Ndo maana waona zaingia ukadhani kila kitu kiko sawa.

Mimi nikiitwa kwa maneno kama haya natafuta kwanza nani aliyekataa, manake imeili ikitoka kwako inapita kwa watu watatu na kila mmoja ana namna yake ya kukataa. Wa kwanza ni kampuni ya intaneti, huyu akikufungia hasemi kitu, anakunyamazia tu, Outlook inazunguka weee mwisho inachoka inakwambia haijafika kwa seva. Wa pili ni seva ya kutuma, ndo posta yako, huyu anakujibu papo hapo kwa namba na maneno mawili matatu. Wa tatu ni seva ya yule unayemtumia, na jibu lake hulioni wakati unatuma, linakuja baadaye kama imeili, ile ya Mailer-Daemon ambayo watu wanaifuta bila kusoma wakidhani ni virusi. Msiifute, hiyo ndo barua yenye sababu. Namba yake ikianza na 4 maana yake jaribu tena baadaye, ikianza na 5 maana yake hapana, ukirudi vile vile utakataliwa vile vile.

Sasa wewe umekataliwa na wawili tofauti ndo maana mkachanganyikiwa. Kwa faiba umenyamaziwa, huyo ni kampuni ya intaneti. Kwa hotspoti umeambiwa "relaying denied", hapo mtandao wa simu umekupitisha, umefika mpaka kwa seva, na seva imekutazama ikasema wewe sikujui, mimi sikubebei barua zako. Naweka rehani mahamri na mbaazi kwamba ukifungua setingi za Outlook, pale kwa seva ya kutoka utakuta bado limeandikwa jina la seva ya ile kampuni ya intaneti ya Moi Avenue, poti 25, na hakuna neno la siri.

Kwa nini iliandikwa hivyo? Sio ujinga wa aliyeweka, kitambo ndo ilikuwa desturi. SMTP, ile lugha ambayo seva zinatumiana imeili, iliandikwa 1982 na Jon Postel, na wakati huo mashine zilizokuwa kwenye mtandao zilikuwa chache za vyuo na maabara na jeshi la Marekani, watu wanajuana, hakuna aliyefikiria kumuuliza mtu neno la siri kabla ya kutuma. Mlango wake ni poti 25. Intaneti ilipokuja kwa watu wote kila kampuni ikawa inampa mteja seva yake ya kutuma, na ilikuwa inakutambua kwa anwani ya IP tu (ile namba ya laini yako kwenye intaneti), yani ukitoka ndani ya mtandao wao wewe ni mwenyeji, pita, na ukitoka nje wewe ni mgeni, rudi. Ndo hiyo "relaying denied". Mlipokuwa Moi Avenue mlikuwa wenyeji. Mmehama, mmekuwa wageni, na hakuna mtu aliyeiambia Outlook.

Halafu wakaja watu wa spamu. Ilivyo rahisi kutuma kwa poti 25 bila kuulizwa, mtu anatega virusi kwenye kompyuta za majumbani, mwenye kompyuta anaangalia zake mpira na kompyuta yake chini kwa chini inatuma maelfu ya imeili za dawa feki kwa dunia nzima. Anwani za kampuni ya intaneti zikaanza kuingia kwa orodha za watu wabaya, wateja wasio na makosa wakawa wanakataliwa kila mahali. Suluhisho likawa kufunga poti 25 ya kutoka kwa wateja wote wa kawaida, au kuiruhusu kwa seva ya kampuni yenyewe peke yake. Hii si Mombasa tu wala si Kenya tu, makampuni mengi ya intaneti duniani yanafanya hivyo, na mimi ningekuwa na kampuni ya intaneti ningefunga pia. So usiende kugombana nao wafungue, hata wakifungua utakuwa umeshinda kesi ya kitu usichokihitaji.

Manake mlango wa mtu wa kawaida kutuma uko, na umekuweko miaka mingi. Mwishoni mwa 1998 ikawekwa poti 587 maalumu kwa mtu kukabidhi imeili zake kwa seva yake, na 1999 ikaandikwa namna ya kutoa jina na neno la siri wakati wa kutuma. Poti 25 ikabaki ya seva kwa seva. Kuna na poti 465, hii ina historia ya kuchekesha kidogo, ilipewa kazi hiyo 1997, ikanyang'anywa mwaka uliofuata, lakini watu wakaendelea kuitumia kama hawajasikia, mpaka 2018 wakubwa wakakubali wakairudisha rasmi. Zote mbili nzuri. Na kampuni za intaneti kwa kawaida hazizifungi kwa sababu huwezi kutuma kitu hapo bila neno la siri, na ukifanya upuuzi inajulikana ni akaunti gani.

Dawa yako basi ni kuacha kabisa seva ya kampuni ya intaneti, ya zamani na hii mpya pia. Watu wengine hapa wanakosea, wanapiga kastama kea wanauliza "nipeni jina la seva yenu ya kutuma", wanaliweka, linafanya kazi, wanafurahi, halafu siku mtu akienda na laptopu nyumbani Nyali au Mtwapa inakufa tena, na siku mkibadilisha kampuni mnarudi hapa kuniuliza. Tumia seva ya pale imeili zenu zinapohifadhiwa, yani kampuni iliyowauzia domeini na hostingi. Hiyo haijali umekaa wapi, inajali neno la siri tu. Simu yako ndo imewekwa hivyo, ndo maana inatuma ukiwa popote hata ndani ya feri ya Likoni.

Fanya hivi. Chukua simu, ingia kwenye setingi za ile akaunti ya imeili, tafuta pale pa seva ya kutoka, nakili jina la seva na namba ya poti kwenye karatasi. Halafu kwa laptopu fungua Outlook, File, Account Settings, chagua akaunti, Change. Utaona mistari miwili ya seva, ya kuingia usiiguse, ya kutoka futa jina la zamani andika lile la kwenye karatasi. Kabla hujatoka hapo bonyeza More Settings, kwenye Outgoing Server weka tiki pale panaposema seva ya kutoka inahitaji kutambuliwa, na uache itumie jina na neno la siri lile lile la kuingia. Hiyo tiki ndogo ndo watu wote wanasahau. Nshaona mafundi wamebadilisha kila kitu wamekosa tiki, wanaendelea kuona "relaying denied" wanasema seva imeharibika. Halafu nenda Advanced, kwa seva ya kutoka futa 25 weka 587, na kwa aina ya usalama chagua STARTTLS, Outlook za kitambo zinaandika TLS tu. Ukitumia 465 chagua SSL. Usichanganye, 465 inataka usiri tangu salamu ya kwanza na 587 inaanza wazi halafu inafunga mlango, ukiweka SSL kwa 587 itaganda tu haisemi kitu na utarudi kudhani kampuni ya intaneti imefunga. Outlook yako ikiwa toleo jipya menyu zitakuwa zimekaa vingine kidogo, lakini vitu unavyotafuta ni hivyo hivyo vinne, jina la seva, poti, usalama, na tiki.

Ikilalamika kuhusu cheti, yani kitambulisho ambacho seva inaonyesha kabla ya kuongea kwa siri, angalia mawili. Saa na tarehe ya kompyuta, manake betri ndogo ya ndani ikifa kila stima ikipotea kompyuta inarudi mwaka wa nyuma na cheti kinaonekana bado hakijaanza. Na jina la seva, hostingi nyingi za bei rahisi cheti kiko kwa jina la seva yao wao sio jina la domeini yenu, so waulize jina halisi ndo uliandike.

Ukitaka kuhakikisha kabla ya kubadilisha chochote, au huyo kijana wa kompyuta hakuamini, mwonyeshe hii. Fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri la Windows) kwa laptopu ikiwa kwenye faiba ya ofisi, andika Test-NetConnection, acha nafasi, jina la seva yenu, nafasi, -Port 25, bonyeza enta. Itakaa kidogo, mwisho kabisa utaona mstari TcpTestSucceeded na mbele yake False. Sasa rudia ile ile uweke 587 badala ya 25. True. Kompyuta ile ile, waya ule ule, sekunde mbili zimepita, mlango mmoja umefungwa na mwingine uko wazi. Piga picha skrini uende nayo kwa kampuni ya intaneti ukitaka, ni ushahidi mzuri kuliko kusema "mtandao wenu mbovu".

Ila mtego uko. Antivairasi zingine zinajifanya posta ndani ya kompyuta yako, zinaipokea imeili kwanza zikague, so jaribio linakupa True kumbe aliyejibu ni antivairasi hapo hapo kwenye laptopu. Na kuna kampuni za intaneti hazifungi poti 25, zinaigeuza, unabisha kwa seva yako unafunguliwa na seva yao. Hilo unalijua kwa kutumia telnet, programu ndogo ya kubisha kwa poti na kusoma jibu, ukiunganisha seva inakusalimia na mstari unaoanza na 220 halafu jina lake. Jina likiwa si la mlikohosti, umepelekwa nyumba ya jirani. Hili lilinipotezea mchana mzima mara moja nikiwa Bamburi.

Na kwa vile nimeanza kukiri makosa, hii ya kuformati nshaifanya mimi mwenyewe. Miaka mingi nyuma mzee mmoja wa viungo pale Marikiti aliniita, maneno ni haya haya, zaingia hazitoki, na mimi kijana ninayejua kila kitu nikaichukua kompyuta nikaiformati, nikaweka Windows upya, Outlook upya, nikanakili zile setingi za zamani kutoka kwa karatasi iliyobandikwa ukutani na gundi, neno kwa neno, na bila shaka ikakataa vile vile. Siku mbili. Mzee ananiangalia tu, ananiletea kahawa. Mwisho mwanawe akasema mbona nyumbani Tudor yatuma, kumbe nyumbani bado wana ile kampuni ya zamani. Ile karatasi ya ukutani ndo ilikuwa ugonjwa. Pesa sikuchukua, iliki alinipa.

Sasa ukishabadilisha na zikaanza kutoka usishangilie bado, subiri uone wale wa Kampala wamepata. Hapa anaingia yule mtu wa tatu. Kila domeini (lile jina baada ya @) ina orodha kwenye DNS, daftari la majina la intaneti, inaitwa SPF inayosema seva gani zinaruhusiwa kutuma kwa jina la kampuni hiyo. Kama mlikuwa mnatuma kupitia kampuni ya Moi Avenue kuna uwezekano mkubwa aliyewawekea aliandika seva yao humo, na hii ya hostingi haimo. Seva ya mpokeaji ikisoma inaona barua ina jina lenu lakini imeletwa na mtu ambaye nyinyi wenyewe hamjamtaja, inatupa kwa spamu au inarudisha. Gmail ndo wakali, tangu Februari 2024 kila anayewatumia lazima awe na SPF au DKIM (muhuri wa kidijitali ambao seva ya kutuma inaupiga kwa barua) inayosoma sawa, na wanaotuma zaidi ya imeili 5,000 kwa siku wawe nazo zote mbili na DMARC juu yake, yani maagizo ya nini kifanyike barua ikifeli. Wakikurudishia kwa sababu hiyo utaona namba 5.7.26. Ingia kwa paneli ya hostingi, ikiwa ni cPanel kuna sehemu inaitwa Email Deliverability, itakwambia yenyewe kama SPF na DKIM ziko sawa na ina kitufe cha kurekebisha. Lakini angalia zisiwe SPF mbili, fundi wa kwanza aliweka yake na wa pili akaongeza yake, ukiwa na mbili ni kama huna, inahesabiwa kosa. Iwe moja yenye majina yote. Ukibadilisha ipe masaa kadhaa kabla hujaijaribu, DNS haina haraka na mtu.

Unaweza pia kurudishiwa imeili inayotaja Spamhaus, hao wanaoweka orodha za kuzuia spamu, na neno PBL. Watu wakiona hilo wanaogopa, wanadhani wameshtakiwa kwa spamu, na matapeli wanapita hapo hapo wakisema lipa tukutoe. Usilipe mtu. PBL ni orodha ya anwani za wateja wa kawaida wa intaneti, nyingine kampuni za intaneti zimeziandikisha zenyewe, ya kusema tu kwamba hizi hazipaswi kutuma moja kwa moja kwa seva za watu. Siku hizi tena kampuni nyingi zinawapa wateja wengi anwani moja ya kutokea, wewe na duka la chini na lodging ya ng'ambo ya barabara wote mnaonekana mtu mmoja, jirani akiwa na virusi harufu inawafikia wote. Ukituma kwa 587 na neno la siri hiyo orodha haikuhusu, so ukiiona ujue bado kuna kompyuta hapo ofisini inatuma kwa njia ya zamani.

Na mara nyingi hiyo kompyuta si kompyuta, ni mashine ya kuskani. Yako imeacha kutuma kwa sababu ile ile, ndani yake kuna ukurasa wa setingi wenye seva ya zamani na poti 25. Tafuta namba ya IP ya mashine, iko kwenye menyu yake ya mtandao, iandike kwa brauza ya laptopu, utafika kwenye ukurasa wake, tafuta pa imeili au SMTP, weka vitu vile vile vinne. Zile mpya zitakubali. Zile za mitumba, na Mombasa tunazijua mashine za mitumba, nyingi zinajua usiri wa kizamani tu ambao seva za leo hazikubali, zitaganda au zitasema kosa la muunganisho hata ukiandika kila kitu sawa. Usipoteze siku hapo. Iambie iskani kwenye foda ya kompyuta ya mapokezi badala ya imeili, halafu mtu anatuma kutoka pale. Si maridadi lakini yafanya kazi, na ina faida kwamba kopi inabaki.

Ukiwa hapo punguza ukubwa. Nimeona ofisi za kliaringi zinaskani BL kwa rangi dpi 600 kama ni picha ya harusi. Dpi 200 au 300 nyeusi na nyeupe inatosha. Kila seva ina mwisho wake wa ukubwa, tuseme MB 25, na faili likienda kwa imeili linavimba kama theluthi moja kwa sababu linageuzwa kuwa herufi, so faili la MB 20 njiani ni karibu MB 27, linarudi na wewe unashangaa mbona sijafika 25. Na faili kubwa likikwama mbele kwa autiboksi mara nyingi zilizo nyuma yake nazo zinakwama, unalaumu mtandao kumbe ni packing list moja ya kurasa hamsini.

Kama kuna mtu ofisini anatumia anwani ya Gmail ya bure ndani ya Outlook, seva ni smtp.gmail.com, poti 587 au 465, lakini neno la siri la kawaida litakataliwa kwa namba 535, Google waliacha kulikubali kwa programu za namna hiyo tangu 30 Mei 2022. Washa uthibitisho wa hatua mbili halafu tengeneza neno la siri la programu, herufi 16, hilo ndo unaweka. Na hii 535 kwa akaunti yoyote ukiiona mara mbili simama, usiendelee kubahatisha, hostingi nyingi ukikosea mara kadhaa zinafungia anwani ya IP ya ofisi nzima, na hapo hata kupokea kunakufa na unakuwa na shida mbili.

Kampuni ya intaneti wapigie kwa jambo moja tu, waulize kama poti 587 na 465 ziko wazi kwa laini yenu. Sema hivyo hivyo, usiseme "imeili haifanyi kazi" manake watakutumia tena yule kijana wa spidi. Zikiwa zimefungwa, ambayo ni nadra, hapo dai kwa sauti. Mtu akikushauri mnunue IP maalumu mfunguliwe poti 25 muweke seva yenu wenyewe hapo Shimanzi, mwambie asante. Ofisi ya watu wanane hamna haja ya kulea seva ya imeili, stima ikipotea Ijumaa usiku nani atakwenda kuiwasha.

La mwisho kabla hujabonyeza kutuma, fungua autiboksi uone ziko ngapi. Mwezi mzima watu wamekuwa wakiandika, wakiona haijaenda wanaandika tena, wengine wametumia simu. Ukirekebisha tu zote zitaruka kwa mpigo, mteja wa Kampala apate BL ile ile mara nne na ile barua uliyoandika ukiwa na hasira ukashukuru haikutoka. Weka Outlook kwenye Work Offline, ziburute zote mpaka Drafts, halafu irudishe hewani na utume moja kwanza, kwa anwani yako mwenyewe ya Gmail. Ikifika ifungue, bonyeza vidoti vitatu, Show original, uone pale juu SPF imeandikwa PASS. Ikiwa imeandikwa FAIL au SOFTFAIL nitumie huo ukurasa, neno la siri usinitumie, na zile nyingine ziache Drafts mpaka nikujibu.